Kalamu Imegoma: Maswali ya Mara kwa Mara Kuhusu Kukwama na Kujishuku

Maswali haya hujirudia kila wanapokutana watu wanaoandika, awe mtunzi wa riwaya, mshairi, mwanafunzi mwenye tasnifu au mtu aliyeahidi kuandika historia ya ukoo wake. Baadhi nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yana mengi ndani yake. Mengine mstari mmoja au miwili inatosha.

Nimekwama kabisa. Nianzie wapi?

Anza kwa kujua umekwamia wapi, ndipo utafute dawa. Watu hulitaja jambo hili kana kwamba ni kitu kimoja, na ndiyo maana ushauri mwingi hauwafai wanaopewa: aliyechoka anaambiwa ajikaze, mwoga anaambiwa apumzike.

Kama saa nzima umeandika na kufuta, na ukurasa bado mtupu, basi unahukumu kazi mapema mno. Kama huwezi hata kueleza kwa mdomo kinachofuata, bado hujui vya kutosha. Kuna kitu hujakichunguza. Kama unaisimulia hadithi vizuri sana, ila kila ukiikaribia meza unapatwa na hamu ya ghafla ya kufua mapazia, hiyo ni hofu. Kama hata kusoma kunakuchosha, tazama kwanza usingizi wako. Na kama mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kisha yakasimama ghafla, tatizo huenda liko kurasa kadhaa nyuma.

Kipimo chepesi: mpigie rafiki simu, umsimulie kwa dakika mbili ile sehemu inayokushinda. Ukiweza, mawazo unayo, kinachokutisha ni kuyaandika. Ukibabaika, acha kuilaumu kalamu. Nenda kasome, kaulize wanaojua, chora hata ramani ya nyumba anayoishi mhusika wako, ujue dirisha lake linatazama wapi.

Je, kukwama ni ugonjwa?

Hapana. Aliyelifanya jambo hili lionekane la kitabibu ni Edmund Bergler, daktari wa magonjwa ya akili na mfuasi wa Sigmund Freud, aliyetoka Austria na kufanya kazi New York. Katika miaka ya 1940 alilipa jina la Kiingereza, "writer's block", akadai kwamba mwandishi aliyekwama anajiadhibu pasipo kujua. Nadharia yake haina wafuasi wengi siku hizi, ila jina limebaki, na jina likishakuwapo watu hujipima nalo kama wanavyojipima homa.

Wanasaikolojia wenyewe walishalitania. Mwaka 1974 Dennis Upper alichapisha katika jarida la kitaaluma makala kuhusu jinsi alivyoshindwa kujitibu kukwama kwake. Chini ya kichwa cha makala hapakuwa na neno hata moja, ukurasa mtupu. Mhakiki wa jarida akaandika kwamba ameuchunguza mswada huo kwa maji ya limau na eksirei asione dosari yoyote, hivyo uchapishwe bila marekebisho.

Mbona naweza kumwandikia rafiki ujumbe mrefu, lakini nikifungua hadithi yangu sipati hata neno?

Kwa sababu kwa rafiki unajua unaongea na nani, anajua nini tayari, na atacheka wapi. Ukifungua hadithi unawaandikia "wasomaji", kundi lisilo na sura, na humo umeshawapachika mwalimu wa kalamu nyekundu, binamu mjuaji, na mhakiki ambaye hajapata kupenda kitu tangu azaliwe. Nani ataongea vizuri mbele ya baraza hilo?

Wafukuze. Chagua msomaji mmoja unayemfahamu, liandike jina lake juu ya ukurasa, na uanze hivi: "Sikia, nikwambie kilichompata yule bwana." Baadaye utafuta jina na huo mwanzo. Sehemu kubwa ya kilichobaki haitahitaji kuguswa, maana imeandikwa kwa sauti yako, ile unayoipoteza ukianza kujaribu kuandika "kifasihi". Wengine hupenda kujirekodi kwenye simu kisha kunakili. Nayo inafaa, hasa kwa mazungumzo ya wahusika.

Si bora nisubiri hamu ije yenyewe?

Wapenzi wa hamu hutaja usiku mmoja wa Septemba 1912, Franz Kafka alipoandika hadithi nzima kwa mkao mmoja hadi asubuhi. Ni kweli. Ila shajara za Kafka huyohuyo zimejaa siku anazolalamika kwamba hakuandika kitu. Usiku ule ulimkuta mtu aliyezoea kukaa mezani.

Upande wa pili kuna Anthony Trollope, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa posta. Aliamka alfajiri, akaweka saa mbele yake na kujilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa, kisha akaenda kazini. Aliacha riwaya 47. Alipoyaeleza haya katika tawasifu yake iliyotoka mwaka 1883, baada ya kifo chake, baadhi ya wahakiki walikunja pua, wakaona sanaa haiwezi kutengenezwa kwa saa ya mezani. Sikushauri umuige, kasi ile ingewavunja wengi. Lakini kuna jambo alilolijua: hamu mara nyingi huja baada ya aya ya kwanza, si kabla yake.

Hata utafiti umeelekea huko. Mwanasaikolojia Robert Boice, aliyewachunguza wahadhiri katika miaka ya 1980, aliona kwamba waliobanwa kuandika kwa ratiba hawakutoa kurasa nyingi tu. Walipata pia mawazo mapya mengi kuliko waliongoja mpaka wajisikie.

Naandika sentensi, naifuta, naiandika tena. Nifanyeje?

Hili ndilo tatizo ninalolikuta zaidi, na huwapata watu wenye uwezo. Mwaka 1980 Mike Rose alichapisha uchunguzi wa wanafunzi 10 wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, 5 waliokwama na 5 wasiokwama. Waliokwama hawakuwa wajinga wala wavivu. Walikuwa wamebeba kanuni walizofundishwa, wakazigeuza sheria zisizo na msamaha: lazima aya ya kwanza imnase msomaji, lazima sentensi itoke ikiwa sahihi. Wenzao walikuwa na kanuni pia, ila kanuni ikileta matata waliiweka kando.

Kwa hiyo kaa uorodheshe sheria zako. Andika kila moja inayoanza na "lazima". Halafu uliza: hii ni ya rasimu ya kwanza au ya mwisho? Karibu zote utakuta ni za mwisho.

Kisha jaribu zoezi la kuandika bila kusimama, alilolieneza mwalimu Peter Elbow tangu miaka ya 1970. Unaweka dakika 10, kalamu hainyanyuki, hakuna kufuta, hakuna kurudi nyuma. Wengi hulikimbia kwa sababu wanadhani lazima litoke jambo la maana. Hivi ndivyo ukurasa wa kweli unavyoonekana:

"Sijui niandike nini sijui sijui shingo inauma hii sura ya saba naichukia, kwa nini naichukia, naichukia kwa sababu Juma anaongea mno, kwani Juma anataka nini, anataka pesa, hapana hataki pesa yeye anataka kaka yake amwombe radhi mbele za watu—"

Mistari miwili ya takataka, kisha sura ya saba yenyewe imejitokeza. Mwandishi alikuwa amempa Juma kurasa nyingi za kudai deni, wakati deni halikuwa la fedha. Kubuni hilo kwa kukuna kichwa kungemchukua muda mrefu. Si kila zoezi litakupa Juma, siku nyingine utaambulia shingo inayouma tu, na hiyo pia ni sawa.

Kama unatumia kompyuta na kidole hakiachi kile kitufe cha kufuta, andika kwa kalamu ya wino, au zima mwanga wa skrini usione unachoandika. Ni ujanja wa kitoto, ila unafanya kazi.

Riwaya ilikwenda vizuri, nimefika katikati imegoma. Nilazimishe?

Kabla ya kulazimisha, rudi nyuma. Kukwama katikati mara nyingi ni kazi yenyewe inayokataa kitu ulichokifanya hapo awali.

Chukua mfano huu. Mwanaidi aliondoka nyumbani kwa ugomvi, amerudi baada ya miaka mingi. Mwandishi ameandika: "Mwanaidi alisimama mlangoni. Baba yake, mshona viatu, akainua macho." Basi, hapo pamekufa. Amejaribu kumfanya mzee alie, anyamaze, aseme karibu mwanangu, na kila sentensi ni baridi kama jiwe. Anadhani amekosa maneno.

Tatizo liko sura tatu nyuma. Mle, kwa huruma, mwandishi alimruhusu baba kutuma barua ya kusamehe. Msamaha umeshatolewa, kwa hiyo mlangoni hakuna linalogombaniwa. Itoe ile barua, tazama kinachotokea:

"Mwanaidi alisimama mlangoni. Baba yake akainua macho, kisha akayarudisha kwenye kiatu. 'Baba, nimerudi.' Hakuitikia. Alivuta uzi, akaukata kwa meno."

Sasa tukio linajiendesha, maana hatujui kama mzee ataongea. Maneno hayakuwahi kukosekana.

Njia ya kutafuta ni kusoma kwa kurudi nyuma, sura baada ya sura, ukijiuliza kila mahali: hapa nilimrahisishia nani maisha? Ukipita hapo bila kupata kitu, ruka. Andika tukio unaloliona wazi, hata kama ni la mwisho wa kitabu. Hakuna msomaji atakayejua uliziandika kurasa kwa mpangilio upi.

Nikipumzika nitapoteza moto?

Inategemea umepumzika baada ya nini. Mwaka 1926 msomi Mwingereza Graham Wallas aligawa kazi ya ubunifu katika hatua nne: maandalizi, kuatamia, mwangaza na uthibitisho. Watu hupenda kutaja ile ya pili, kwamba akili hufanya kazi ukiwa unatembea au unaoga, wakasahau kwamba inatanguliwa na maandalizi. Aliyepambana na tatizo kutwa nzima akalala, huenda ataamka na jibu. Ambaye hajaligusa kwa mwezi hana anachokiatamia.

Ernest Hemingway alikuwa na desturi ninayoipenda kuliko ushauri wote wa kupumzika: aliacha kuandika siku hiyo akiwa bado anajua kinachofuata, ili kesho asianze na ukurasa unaomkodolea macho. Acha katikati ya sentensi kama unathubutu.

Lazima niandike kila siku?

Sio lazima. Mwenye mtoto mchanga na kazi mbili ana haki ya Jumamosi moja. Muhimu ni siku hiyo ijulikane, isiwe "nikipata nafasi", maana nafasi haipatikani.

Vina na mizani vinanifunga. Niache arudhi niandike shairi huru?

Ukitaka shairi huru kwa sababu zake, liandike. Ukilikimbilia kwa sababu umekwama, utakwama humo pia, tena bila cha kushika.

Kwa mtu aliyekauka, umbo ni msaada. Utenzi unakudai mizani minane tu kwa kipande, vipande vinne kwa ubeti, na kina cha mwisho kinachokwenda tangu ubeti wa kwanza hadi wa tamati. Ukishaweka kina cha mwisho kuwa "-ni", kichwa kinaacha kuuliza swali kubwa la niseme nini na kuanza kutafuta jambo dogo: moyoni, safarini, usoni, gizani. Katika kulitafuta, unajikuta umesema ambalo hukupanga kusema. Hapo ndipo shairi linapokuwa zuri kuliko mtunzi wake.

Kukwama halisi katika arudhi hutokea unapoanza kununua kina kwa maana, yaani unaandika neno ambalo hulitaki kwa sababu linalingana. Ukiliona hilo, usibadilishe neno la mwisho. Vunja kipande kizima upange upya maneno yake. Kiswahili kinakupa uhuru mkubwa wa kutanguliza na kurudisha nyuma maneno. Utumie.

Naona mimi si mwandishi wa kweli, na iko siku watu watagundua.

Karibu kwenye chama, wanachama ni wengi. Mwaka 1978 wanasaikolojia Pauline Clance na Suzanne Imes waliandika kuhusu wanawake waliofaulu sana kitaaluma ambao, pamoja na vyeti na sifa zote, waliamini wamewadanganya watu. Baadaye ikaonekana wanaume nao wamo. Na mwaka 1938 John Steinbeck, akiwa katikati ya riwaya iliyokuja kumpa Tuzo ya Pulitzer mwaka 1940, aliandika katika shajara yake kwamba yeye si mwandishi, anajidanganya na kuwadanganya wengine. Mwaka 1962 akapewa Nobel.

Hadithi hizi zinafariji kidogo, na faraja yake haifiki mbali, maana wapo pia wanaojishuku na kweli kazi yao ni mbovu. Kwa hiyo swali la kama shaka yako ina haki au haina silipendi. Napenda kuliuliza hili: shaka yako inaweza kunyoosha kidole?

Ikisema "ukurasa wa 12 mazungumzo ni marefu" au "huyu mama anabadilika ghafla mno", hiyo ni mhariri wako, tena wa bure. Iandike pembeni, ifanyie kazi. Ikisema "wewe huna kipaji", "nani atasoma", "umezeeka", iulize mahali: mstari gani? Haijui. Haijausoma mswada wako, inakuongelea wewe. Huwezi kuirekebishia kitu kwa sababu haikuonyesha kitu. Iache iendelee kuongea huku unaandika, kama redio ya jirani. Haitanyamaza hata ukichapishwa, kwa hiyo usiifanye sharti la kuanza.

Zoezi lenyewe ni dogo. Weka karatasi kando ya mswada, na kila shaka ikija iandike kwa sentensi moja. Jioni zikate zote zisizotaja ukurasa, mhusika wala neno. Zinazobaki huwa chache, nazo ndizo kazi yako ya kesho.

Nikisoma waandishi wazuri nakata tamaa.

Unalinganisha rasimu yako na rasimu yao ya mwisho, iliyopitia kwa mhariri. Chukua aya moja unayoihusudu, inakili kwa mkono wako, kisha hesabu: sentensi ngapi, ipi fupi, kitenzi kimekaa wapi, nini hakikusemwa. Ukishaona mishono, wivu unageuka udadisi. Na ukiwa katikati ya rasimu, hakuna ubaya kusoma vitu vya mbali kabisa na unachokiandika.

Mswada umekataliwa. Sasa hata kufungua faili siwezi.

Usilifungue kwanza. Jipe siku kadhaa za kununa, ni haki yako. Barua ya kukataa isiyo na sababu haikwambii chochote kuhusu kazi. Huenda mchapishaji ana kitabu kama hicho tayari, au hana fedha. Yenye sababu isome mara mbili, siku tofauti. Wasomaji watatu wakigusa mahali pamoja, hapo pana tatizo, hata kama tiba wanayopendekeza si sahihi. Mmoja akichukia kitu ambacho wawili wamekipenda, una uhuru wako.

Kitabu cha kwanza kilipokelewa vizuri, cha pili hakiji.

Sifa nazo hukwamisha, tena kwa adabu. Riwaya ya kwanza ya Ralph Ellison ilitoka mwaka 1952 na ikasifiwa sana. Alifariki mwaka 1994 ya pili ikiwa haijakamilika, ingawa kurasa zake zilikuwa nyingi mno. Mwandishi wa habari Joseph Mitchell alitoa kazi yake kubwa ya mwisho mwaka 1964, kisha akaendelea kwenda ofisini kwa miaka mingi, hadi karibu na kifo chake mwaka 1996, bila kuchapisha nyingine ya maana.

Kwa nje hatuwezi kujua yaliyokuwa vichwani mwao. Kwa walio wengi, kinachosaidia ni kuandika kitu kidogo na tofauti kabla ya hicho kikubwa: hadithi fupi, kitabu cha watoto, kitu kisichoweza kulinganishwa na cha kwanza.

Vipi kuhusu akili mnemba?

Iombe ikuulize maswali kuhusu mhusika wako, utapata faida. Ukiiomba ikuandikie aya uliyokwamia, utapata aya, na kukwama kwako kutabaki palepale, kwa sababu hukuwa umekosa aya; ulikuwa hujaamua kitu.

Na pombe au dawa za kuchangamsha akili?

Mshairi Mwingereza Samuel Taylor Coleridge alitumia kasumba (afyuni) kwa miaka mingi, na mashairi yake makubwa aliyaandika akiwa bado kijana. Sina la kuongeza.

Nitajuaje kwamba hili limevuka mipaka ya uandishi?

Kama kwa wiki mbili au zaidi umekosa raha katika karibu kila kitu ulichokuwa unakipenda, usingizi na hamu ya kula vimevurugika, unajiona huna thamani hata nje ya uandishi, mwone daktari au mshauri nasaha. Huzuni kubwa ya aina hiyo hutibika, na hakuna zoezi la dakika 10 litakaloiondoa. Ukianza kuwaza kujidhuru usisubiri wiki mbili. Mwambie mtu leo, nenda hospitali.

Je, naruhusiwa kuuacha mswada?

Ndiyo, bila kuomba ruhusa kwa mtu. Ipo miswada inayogoma kwa sababu mwandishi ameshabadilika, lile lililomsumbua alipoianza halimsumbui tena. Dalili yake ni kwamba ukiuwaza mswada huo huna hofu wala hasira, unaona uchovu tu, na kuna kazi nyingine unayoiandika kichwani kila ukipanda kitandani. Kabla ya kuuweka kabatini, usome mara moja ukiwa na kalamu, utoe kila kinachopumua: jina la mhusika, mzaha, maelezo ya mvua, sentensi tatu za yule bibi. Vinakili kwenye daftari jipya, ukurasa wa kwanza, kisha funga faili la zamani na uandike tarehe juu yake.